Salamu Arobaini Ndani ya Programu

Siku hizi nikifungua kitabu cha maelezo cha programu yoyote, kikavu, kisicho na hata "karibu", namkumbuka Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu Kongo. Hakuwa dada yangu wa tumbo moja. Yeye alikuwa mshonaji wa Uvira, mimi ni wa Bukavu, na tulikutana Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye darasa la kompyuta. Alinizidi miaka kumi na mitano, na kwa subira alinizidi zaidi ya hapo. Alijifunza kuandika msimbo jinsi alivyojifunza kushona: alikosea, akafumua, akarudia. Mimi nilikosea na kugombana na kompyuta.

Yeye ndiye aliyeandika programu ya ushirika wa mafundi cherehani. Unaingiza vipimo vya mteja, nayo inakupa namna ya kukata kitambaa. Mafundi wa kambini waliitumia, na wale wenye kibanda Mchesi, kule Lilongwe, waliitegemea kila siku. Kisha jina la Yaya likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi ya baridi. Alibakiwa na majuma matatu. Watu walimpongeza, nami nikampongeza, halafu nikaenda kukaa nyuma ya darasa na hofu yangu. Programu ilikuwa inabaki mikononi mwangu, na nusu yake sikuielewa. Ingekufa, mafundi wangerudi kwenye daftari zao zilizochanika, na lawama zote zingekuwa zangu.

"Mi sitakuelezea kwa mudomo," Yaya aliniambia. "Mudomo yangu naenda nayo. Tengeneza kitabu."

Kitabu tulikuwa nacho, kwa namna fulani. Nilikuwa nimepakua chombo cha bure kinachosoma maelezo yaliyoandikwa juu ya kila kipande cha msimbo na kuyageuza kuwa kurasa. Mwanzoni kinaweka orodha: jina la kipande, na mbele yake sentensi ya kwanza ya maelezo, ili msomaji ajue kipande kinafanya nini. Nikakiendesha juu ya msimbo wa Yaya, nikafungua orodha, na vipande arobaini vikanisalimu. "Ndugu musomaji, salamu katika jina la Bwana." Mstari wa pili, vilevile. Vilevile mpaka chini.

Nilicheka hadi machozi, kisha nikakasirika. Yaya alikua wakati wa vita, barua zikipita mikononi mwa wasafiri kutoka Uvira hadi kambi za ng'ambo ya ziwa. Barua iliyoanza bila salamu, mtu aliketi kwanza kabla ya kuendelea kuisoma, maana ilikuwa ya msiba. Kumwandikia mtu asiyemwona bila kumsalimu hakuweza. Nilimwambia azifute.

"We unaingia kwa nyumba ya batu bila hodi?"

"Yaya, hii si nyumba. Ni programu."

"Na mwenye atasoma, si mutu?"

Nikapandisha sauti. Alingoja nimalize, akaendelea na kazi yake.

Basi nikaona afadhali nikirekebishe chombo kuliko kumrekebisha Yaya. Kwanza nilikiambia kiruke sentensi ya kwanza. Orodha ikajaa ya pili: "Mi niko muzima, Mungu asifiwe." Mwishowe nikakifundisha kutafuta mstari unaoanza na neno "Kazi" na kuweka huo tu kwenye orodha, salamu zibaki ndani ya kurasa zake. Yaya akapitia vipande vyote arobaini akitia mstari huo, miwani puani, bila kunung'unika. Niliona aibu kidogo.

Kasoro hazikuisha hapo. Vipimo vyetu tunaviita kwa Kifaransa, épaule kwa bega, tour de taille kwa kiuno, na chombo kiligeuza kila herufi yenye alama kuwa takataka. Nikakirekebisha. Kurasa zilijipanga kwa alfabeti, ukosi huku, mabega kule. Nikazipanga kwa jinsi nguo inavyokatwa. Kwenye simu ndogo maandishi yalitoka nje ya kioo, nikayakunja.

Mchana, akishagawa sufuria na blanketi kwa majirani kama wafanyavyo wanaoondoka, Yaya alikuja kuketi kando yangu na karanga zake. Aliharibu kipande kimoja makusudi, nami nilitakiwa kukitengeneza kwa kusoma kitabu tu. Nikimuuliza, ananionyesha kioo kwa kidevu. Nikikwama, kosa ni la kitabu, nasi tunaandika ukurasa ule upya. Sijafundishwa vizuri hivyo tena. Nilikuwa na furaha majuma yale, na sikujua.

Akaondoka. Juma la pili fundi wa Mchesi, mama wa Kimalawi, akanipigia simu: sare za shule zinatoka fupi. Nilishuka Lilongwe. Kibandani kwake nikafungua kitabu, nikaandika "shule", ukurasa ukaja. "Kazi: kuongeza upindo wa chini kwa nguo za banafunzi, maana batoto banakomaa." Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimekizima kipande hicho nikidhani ni kosa. Nikakiwasha. Mama akasema zikomo, asante ya kwao, mara tatu, akanikaribisha nsima, ugali wao, na nikala kwa raha zangu.

Yaya alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Programu iko muzima?"

"Iko muzima, Yaya."

"Hakuna kitu imeharibika?"

"Hakuna. Kitabu kinajibu yote."

"Mungu asifiwe," alisema, kisha akaniaga. Simu zikawa za kila mwezi, tena fupi. Kule alikuwa akifanya usafi kwenye jengo la ofisi, na hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuandika programu. Nilijivunia kitabu changu muda mrefu kabla ya kuelewa nilichomnyang'anya.

Jumapili moja nikamwambia, "Yaya, kuna kipande cha mabega. Sikielewi kabisa." Ukurasa wenyewe ulikuwa wazi mbele yangu.

"Sikielewi vipi? Ngoja." Nikasikia anavuta kiti. Akaanza kunielezea tangu mwanzo, polepole, sauti ikichangamka, nami nikafuata kwa kidole mstari kwa mstari kwenye kioo, nikiitika, "Ehe. Njo vile. Ehe." Alipomaliza nikamwomba arudie.