Kiu Iliyomchukua Kaka Yangu

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa maringo. Nalima zabibu hapa Hombolo, na msimu wa kupogoa nilikuwa nainama shambani tangu asubuhi, kisha nakula mlima wa ugali wa sembe na kuusukumia kwa soda. Kitambi kilipoanza kutangulia, wenzangu walisema mambo yangu yamenyooka. Nikafurahi.

Kilichonitisha ni kiu, maana niliijua. Kaka yangu Yohana alikuwa nayo kabla hajafa. Alikunywa maji kama mchanga, akakojoa bila kupumzika, akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Hatukumpeleka kupima. Kwetu wakulima wa zabibu, mtu akidhoofika tunasema amepungukiwa damu, na juisi ya zabibu inaongeza damu. Mama alimkamulia kila siku, akamnywesha kwa mkono wake, mpaka siku alipozimia asiamke.

Sasa kiu ile ilikuwa kooni mwangu. Sisimizi walijaa pale nilipokojoa. Macho yakaingia ukungu, nyayo zikafa ganzi. Mwiba ulinichoma kidole cha mguu nisisikie. Nilijua kwa harufu ya usaha. Mama akaja na kikombe cha juisi. Nilikinywa huku namwona Yohana.

Mke wangu, Neema, ndiye aliyenipandisha bodaboda kwa nguvu. Hospitali daktari alipima sukari, presha, mafuta kwenye damu, hadi kiuno. Akauliza nimekuwa nikinywa nini. Nilipomwambia, aliweka kalamu mezani.

"Mzee, juisi hiyo ni sukari tupu. Ungeendelea nayo, wangekuzika."

Nililia pale pale, wala si kwa ajili yangu.

Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Namshukuru Mungu, namshukuru na Neema. Leo nameza dawa bila kuruka, nakula ugali wa uwele usiokobolewa, kiasi cha ngumi, na sehemu ya sahani inayobaki ni mlenda na kunde. Sukari imeshuka, kiuno pia. Nawe unayesumbuliwa na kiu isiyokatika, kapime kwanza, ushauri wa majirani baadaye.

Niliporudi nyumbani nikakataa kikombe, mama aliniuliza sababu. Nikamweleza alivyosema daktari. Akaketi chini taratibu.

"Na Yohana je?"

Nikamwambia Yohana alikuwa na ugonjwa mwingine. Tangu siku ile mama hagusi zabibu, hata ya kula.