Mafuta ya Ng'ombe Kwenye Mtumbwi

Mwanangu, nimesikia umepata mtumbwi na unataka kuupaka rangi kwa mkono wako mwenyewe. Vizuri sana. Nisikilize kidogo kabla hujafungua kopo.

Nakumbuka asubuhi moja kule Basotu, kando ya ziwa, nilipokuwa msichana. Mjomba alinionyesha mtumbwi wake wa zamani wa mbao, akasema, "Jumatatu ziwa linafunguliwa kwa uvuvi. Ukiwa umeutengeneza, ni wako. Ukishindwa, wanangu watauchukua." Wanawe wakacheka. Nilikuwa na siku tano.

Sisi ni wafugaji. Chochote tunachokipenda tunakipaka mafuta: ngozi, kibuyu cha maziwa, kigoda cha babu, hata mtoto mchanga. Nilipoona zile mbao zimekauka nikazihurumia, nikazisugua kwa mafuta ya ng'ombe ndani na nje. Ziling'aa! Kesho yake nikapaka rangi ya bluu. Siku mbili zikapita, bado inanata vidoleni.

Nikamwita Mzee Kulwa, fundi wa mitumbwi aliyehamia kwetu kutoka Usukumani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema, huku ananusa ubao. "Binti, mtumbwi huu unaolewa lini?"

"Kwa nini, mzee?"

"Si umeupaka mafuta kama bibi harusi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza taratibu kwamba rangi hushika mbao, haishiki mafuta. Nikamwuliza kama mkono wa pili wa rangi ungeficha kosa.

"Jumatatu mtumbwi utapendeza. Wiki ijayo wewe utakuwa unavua maganda ya rangi badala ya samaki."

Kuanza upya kulihitaji wiki nzima, nami nilibakiwa na siku mbili. Nilikwenda kwa mjomba, nikamwambia nilichofanya.

"Wanangu wangenidanganya kwamba rangi imeisha dukani," akasema. "Nenda ukamalize kazi yako. Mtumbwi utakungoja."

Nikakwangua yote, nikaosha kwa maji moto na sabuni, nikafuta kwa thina ya kuyeyushia rangi, nikapiga msasa, nikauacha ukauke kivulini. Ndipo nikapaka rangi mikono miwili, na vanishi kwenye viti na makasia. Ziwa lilifunguliwa bila mimi. Niliingia majini Jumatatu iliyofuata, na rangi ile ilidumu miaka.

Basi mwanangu, ukikosea, usifunike. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, na watu huwa wapole kuliko tunavyodhani. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayepanda mtumbwi wako arudi salama.

Kesho asubuhi, kabla ya rangi, dondosha tone la maji juu ya ubao. Likisimama kama ushanga, osha tena. Likinywewa na ubao, chukua brashi upake.