Miramura Kwenye Ndoo za Jirani

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja nilipotoka kliniki, mtoto mgongoni, nikakuta miramura yangu yote ya mpakani imesimama kwenye ndoo barazani kwa jirani, imemwagiwa maji, inang'aa. Sikumwamkia. Nilisema, "Nirudishie mpaka wangu."

Jirani alikuwa mwenye duka, mtu wa pwani, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Akacheka.

"Bibie, haya si maua? Nimeyaokoa kwenye magugu yako. Mtaa mzima unapendeza, wewe tu umenuna."

Kweli mtaa ulipendeza, na hilo ndilo lililonitia hasira. Ulikuwa juu ya mji, mikaratusi pande zote mbili za barabara, miparachichi, nyumba za maofisa zenye ua uliokatwa sawasawa. Jumapili watu walipanda kutoka sokoni kuja kupunga upepo na kupiga picha za harusi, wakisifu majani tu. Hakuna aliyeuliza jani lipi lina kazi gani. Mramura si ua la kupamba. Kwetu Ihembe ndio mpaka wa shamba na shamba. Mtoto wa miaka sita anajua, na anayeung'oa anaitiwa watu.

Jirani alianza na mmoja, nikanyamaza. Akang'oa wa pili, nikamweleza kwa adabu zote. "Ahsante mama, sasa nimejua." Alijua nini? Sasa fundi wake alikuwa amevuta kamba ya msingi katikati ya migomba yangu, ile tuliyokuwa tunakula ndizi zake. Mume wangu alikuwa kazini Mwanza. Hatukuwa na kiwanja kingine.

"Ondoa hiyo kamba," nikamwambia fundi.

"Mwambie mwenye kazi, dada."

"Mwenye kazi hajui mpaka!"

"Haya, nionyeshe uko wapi," jirani akasema, mikono kiunoni.

Nikatazama chini. Mashimo yalikuwa yamefukiwa, udongo umesawazishwa kwa reki.

Nilimnyonyesha mtoto pale pale, nimeikalia kamba yao, kisha nikaenda kwa katibu wa baraza la kata. Akaanza kunihubiria ujirani mwema. Nikamwambia anipe karatasi. Niliandika:

"Namlalamikia jirani yangu wa upande wa mashariki, aliyeng'oa miramura ya mpaka bila idhini na kuanza msingi ndani ya kiwanja changu. Naomba ujenzi usimame leo, na waitwe mashahidi walioipanda pamoja nami. Sitaki aniletee maua mlangoni. Nataka kila shina lirudi lilipotoka, alipande yeye mwenyewe, mbele ya watu."