Mfungue Kamba Kwanza

Nilikuwa kwenye duka la kompyuta hapa Bariadi, nageuzageuza laptopu za mtumba, nashindwa kuamua. Kando yangu binti mmoja, mhasibu mpya, alishaipenda moja. Baba yake, mfugaji wa Sapiwi, hata hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye waya wa chaja.

"Chomoa," akamwambia muuzaji. "Mnadani ng'ombe tunamfungua kamba, tumwone anavyotembea."

"Mzee, inachaji."

"Chomoa."

Muuzaji akapangusa kioo, akapangusa tena, kisha akachomoa. Kioo kikazima hapo hapo.

"Baba, ofisini umeme upo," binti akanong'ona.

"Siku ukikatika, bosi wako atausubiri?"

Wakatoka. Nami nikatoka mikono mitupu. Safu hii naiandika kwa laptopu yangu ya zamani, waya ukiwa ukutani, na taa ikipepesa tu nanyanyuka kitini.