Nililazimisha elliptical kama ya mke mwenzangu, goti likanifunza adabu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naandika hii nikiwa nimekaa, na mkisoma mpaka mwisho mtajua nimekaa juu ya nini. Sitaongeza chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, na ni pahali pengi.

Niko Busia, upande wa Kenya, nauza vitenge sokoni. Mume wangu, Baba Salma, ni mtu wa malori. Tuko wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo anaitwa Zuhura, anakaa Malaba. Mzee hugawa siku: mbili kwangu, mbili kwake, zinazobaki yuko barabarani.

Wivu ninao, tena mwingi. Sufuria ikinunuliwa Malaba, nauliza ni size gani. Na kusema haki yake, mzee ni mtu wa usawa, kila kitu hununua viwili.

Mambo yalianza na goti la kulia.

Miaka ya kusimama sokoni ilikuwa imelimaliza. Daktari akaangalia picha, akasema gegedu imelika, yaani ile kitu laini inayozuia mifupa isisagane. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Kwa hivyo nifanye cardio, yaani mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, karibu kila siku, lakini nisikimbie, nisiruke kamba, nisipande ngazi. Akanishauri nitafute baiskeli ya mazoezi ya kukaa, ile wanaita recumbent. Kiti chake kina mgongo, pedali ziko mbele, unaegemea ukipiga pedali na goti halibebi uzani wako.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaniuma. Nilikuwa nimeanza kuswali kwenye kiti. Wenzangu wanasujudu, mimi nimekaa naangalia migongo yao. Nilitaka kushusha paji la uso kwenye mkeka tena, hiyo tu.

Jioni moja mzee akatoka na tape measure yake ya kupimia turubai za lori.

"Mama Salma, simama straight hapo kwa ukuta. Usitingizike."

"Unanipimia jeneza?"

"Wacha maneno, nimalize."

Akapima mguu kutoka kiunoni mpaka kisigino, akaandika kwa biro kwenye kiganja chake. Nikadhani anataka kunishonea dera. Nikasahau.

Baada ya wiki akaniambia ameona ile baiskeli ya kukaa Kisumu, kwa duka moja la vifaa vya gym, na ameshalipia.

Hapa ndipo niliharibu.

Zuhura alikuwa na elliptical yake tangu mwaka uliopita. Kwa wale hawajui, ni ile ya kusimama, unakanyaga pedali mbili kubwa na mikono inavuta na kusukuma, unaonekana kama unatembea hewani. (Mzee alipoinunua aliniuliza kama na mimi nataka, nikajibu kwa madharau eti soko linanitosha. Hiyo sehemu nilikuwa nimeisahau vizuri sana.)

Nikamwambia, "Yaani Zuhura apewe ya kusimama, ya wasichana, mimi nipewe kiti cha wazee?"

"Si daktari ndio amesema?"

"Daktari amemuona Zuhura? Mimi nataka kama yake, ama usilete kitu hapa."

Nilinuna siku nne. Chai nilimpa bila tangawizi.

Siku ya tano pickup ikasimama nje, elliptical ikashushwa. Haikuwa na box. Mzee akasema box ililowa na mvua. Kwa handle ya kulia kulikuwa na doa la kahawia, nikasugua likakataa kutoka, nikasema labda ni kutu. Sikujali. Furaha yangu siku hiyo haikuwa ya mashine, ilikuwa ya kushinda.

Wakuu, hiyo furaha haikumaliza wiki.

Kwanza mimi ni mrefu. Nikipanda juu ya pedali, kichwa kinagusa ceiling board. Ilibidi nifanye mazoezi nimeinamisha shingo kama mtu ameitwa kwa office ya chief.

Pili, goti. Elliptical si mashine mbaya, msininukuu vibaya. Mguu hautoki kwa pedali, kwa hivyo haugongi chini vile unagonga kwa treadmill, ile mashine ya kukimbilia, na inasaidia watu wengi. Lakini umesimama, na uzani wako wote uko nawe. Hatua yake pia ilikuwa fupi kwa miguu yangu, goti likawa linakunjika vibaya kila mzunguko. Dakika kumi tu nasikia linasaga.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikamuuliza mzee, "Zuhura hufanya dakika ngapi?"

"Kama thelathini hivi," akasema, macho kwa simu.

Nikafanya arobaini.

Siku za zamu ya Malaba nilikuwa naweka barafu kwa goti ndio mzee akirudi asione limefura. Sokoni nikaanza kuuza nimekaa kwa ndoo. Kuswali kwenyewe, hata kuinama kidogo nikiwa kwenye kiti ikawa shida. Na bado singesema, kwa sababu ningeanzaje? Ni mimi nilipigania hiyo mashine.

Mwishowe roho ikanituma Malaba. Nilitaka kuona kwa macho yangu mashine ya Zuhura imeandika dakika ngapi, maana ile screen huhesabu zote. Ndiyo, nilienda kupeleleza screen. Nikabeba vitenge viwili vya kisingizio, nikangoja siku mzee yuko safari, nikapita Chakol nikijipangia maneno.

Zuhura alinipokea vizuri, akanivua viatu yeye mwenyewe alipoona natembea kwa shida. Nikaingia sitting room.

Kwa kona kulikuwa na baiskeli ya kukaa. Kiti cha mgongo, pedali mbele.

"Elliptical yako iko wapi?" nikauliza.

Akashangaa. "Si iko kwako, dada? Mzee alisema ya kukaa umekataa, unapenda ile yangu. Akaniuliza kama naweza kukuachia, nikasema dada achukue."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Na lile doa kwa handle?"

"Ai, hiyo ni hina yangu ya Idd," akacheka. "Niliishika kabla haijakauka."

Wiki zote hizo nilikuwa nashindana na Zuhura juu ya mashine ya Zuhura, na yeye amekaa juu ya yangu. Nilitafuta hasira nikakosa pa kuiweka. Ningependa sana awe ameniibia. Alikuwa amenipa, tena bila kununa hata siku moja.

Akaniambia nijaribu. Nikakaa, magoti yakapanda karibu na kidevu, maana Zuhura ni mfupi. Kiti hicho kinasogea juu ya reli yenye matundu, kila tundu na namba yake, na kilikuwa kwa namba tatu. Akapiga magoti, akavuta pini, akakirudisha nyuma.

"Wewe ni saba," akasema.

"Umejuaje?"

"Ilikuja ikiwa saba. Mzee aliifunga hapo hapo dukani. Siku ya kwanza miguu yangu haikufika kwa pedali. Nikajua hii kitu ilinunuliwa na mtu alikuwa na kipimo chako kwa mkono." Akaangalia chini. "Dada, na mimi nililia hiyo siku. Yangu alinunua tu, hakunipima."

Nilikumbuka tape ya turubai na biro kwenye kiganja. Mwanamke aliyependelewa, yule niliyekuwa namuonea wivu mpaka nikaumiza goti, nilikuwa mimi.

Nikapiga pedali dakika kumi. Goti halikulia. Niliyelia ni mimi, na Zuhura akaniletea maji.

Wiki iliyofuata pickup ilifanya kazi ya kubadilisha mashine. Mzee alishusha yangu akipiga mluzi, hakuuliza kitu, na mimi sikusema. Ndiyo hiyo nimekalia nikiandika. Dakika ishirini kila asubuhi, mwezi wa tatu sasa.

Nilichojifunza, kwa wale wanatafuta mashine: nendeni dukani na mwili wenu, si wa mtu mwingine. Panda, piga dakika kumi, sikiliza goti. Pima ceiling ukiwa juu ya pedali. Mwenye goti limelika, ya kukaa si aibu, na uulize daktari wako kwanza. Kama ungekuwa na akili yangu, ungepoteza wiki nyingi bure.

Ijumaa iliyopita nilisukuma kiti pembeni. Nilishuka polepole, nimeshika ukuta, na paji la uso likafika mkekani. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Sasa nishaurini. Nimwambie mzee kwamba najua ile habari ya saba, ama niendelee kunyamaza na kumwekea tangawizi? Wenye wake wawili na wenye wake wenza, semeni. Hata wa kunicheka karibuni.

Wivu wenyewe haujaisha, msidanganyike. Jana nimesikia Zuhura ameletewa mkeka wa raba wa kuweka chini ya elliptical yake.

Nimeshauliza ni size gani.