Karin na Siri Yake

Mwaka huu Ngara imejaa wageni: wakimbizi wako kambini, na Karin, mwanafunzi kutoka Ulaya, yuko kwetu Keza. Siku ya kwanza alininong'oneza, "Kaka, sili nyama."

Huku kwetu l na r hatuzitenganishi, hivyo nilisikia siri. Nikamhurumia, nikawa namfichia minofu ya mbuzi chini ya ndizi. Kila aliporudisha sahani nilidhani ni aibu, nikazidi kuificha.

Akakonda. Jana mwalimu wake akaja kumhamishia kwingine. "Mnamshindisha njaa," alisema. Mama akainamisha kichwa.

"Shikamoo mwalimu," nikajitosa, nikafunua ndizi kwenye sahani yake Karin. "Nyama anaipenda, ila ni siri."

Karin akaniangalia, akatamka polepole kama anayefundisha mtoto, "Kaka, si siri. Sili."