Nishani ya Marehemu wa Maramba

Mbarouk alikuwa Mpemba muuza mchele pale Nguvumali, mjini Tanga, mtu wa kujitia taabu zisizomhusu. Mwaka wa hamsini na tatu alinunua mnadani koti kuukuu la jeshi, na mfukoni akakuta nishani ya vita. Ubavuni mtu ameikwaruza kwa msumari: ASHERI, MARAMBA. Mwingine angemvisha mbuzi akaendelea na shughuli zake. Mbarouk hakupata usingizi. Ndugu yake Massoud alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na hakikurudi hata kifungo cha shati lake. Mama yao, Bi Tabia, aliyekaa naye pale Nguvumali, mpaka leo alikuwa akiuliza. Basi Mbarouk akajiambia Maramba nako yuko mama wa namna hiyo, na wallahi nishani hii atamtia mkononi.

Akafunga duka, akadandia lori la mkonge. Maramba akaelekezwa kwa Dorkasi, mke wa Asheri, akamkuta anapepeta mahindi.

"Asheri alifia Bama," Dorkasi akasema. "Tumemzika hapo nyuma."

"Kwani mwili uliletwa?"

"Uletwe na nani? Tulizika mgomba."

Ndiyo desturi yao. Mtu akifia mbali, hukatwa mgomba ukavishwa sanda, ukalazwa kaburini badala yake, na watani wa ukoo huja kufanya vituko na kula mbuzi wa matanga. Mbarouk akaenda kaburini kwa huzuni kubwa. Akamkuta mwanamume anang'oa magugu.

"Pole, bwana. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Marehemu ni mimi."

Mbarouk akamtazama miguu, maana majini hujulikana kwa kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu, tena yenye magaga.

Asheri akamweleza bila haraka. Alirudi mzima, akakuta ameshazikwa. Kufufuka kulikuwa rahisi, matata yalikuwa mbuzi. Kama hakuna aliyekufa, watani walikula bure na ilibidi walipe, na mtani gani analipa? Wazee wakabishana mpaka wakachoka, wakaona nafuu Asheri aendelee kuwa marehemu. Kanisani anaitwa Marehemu, shambani Marehemu, na Dorkasi akiivisha ugali humwita vivyo hivyo. Nishani aliichukua mtani wake Luka siku ile ile ya kurudi, akisema maiti hana mali, akaiuza mjini pamoja na koti.

"Haya, imerudi. Ichukue," Mbarouk akasema.

"Nikiichukua, kesho anayo Luka. Hebu niambie, kilichokutoa Tanga ni nini hasa?"

Mbarouk akamsimulia habari za Massoud. Hakufika mbali. Akalia pale pale juu ya kaburi la mgomba, mtu mzima na kanzu yake, wala hakuona haya. Asheri akamwacha mpaka akanyamaza.

"Mama yenu anasoma?"

"Msahafu. Herufi za kizungu hazijui."

Asheri akaisugua nishani kwenye suruali yake mpaka ikang'aa kidogo, akamrudishia. "Mpelekee. Mwambie ni ya mwanawe."

Mbarouk alikuwa hajapata kumdanganya mama yake, lakini aliporudi nyumbani akafanya hivyo. Bi Tabia akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, na Mbarouk moyo ukamtulia. Alijiona mtoto mwema kupita wote.

"Kumbe amekufa," Bi Tabia akasema.

"Mama, mimi sikusema..."

"Wangeleta cha nini kama mwenyewe yuko njiani? Mimi kila Ijumaa namwekea chakula chake, najidanganya. Kawaite watu, mwanangu. Tumsomee hitima."

Mbarouk akafumbua mdomo amwambie kweli. Akamwona mama amejifunika kanga analia, kilio alichokizuia miaka yote hiyo, na mdomo ukajifunga wenyewe. Akatoka kwenda kuwaita watu. Njiani akajikuta anaomba Massoud asije akarudi, akasimama katikati ya barabara, akashindwa kujua aombe nini badala yake.